Siku Mstaafu Alipohesabiwa

Karatasi ya wasifu wa marehemu Bibi niliyopewa na baba mdogo ilikuwa imeshaandikwa karibu yote: jina, mahali alipozaliwa, ubatizo, ndoa, kuugua, kufariki. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha lugha tu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, maana yake nina kompyuta. Nikanyoosha vizuri mpaka mstari wa mwisho: "Marehemu ameacha watoto …, wajukuu … na vitukuu …" Penye nukta palitakiwa namba. Nikautazama mstari ule mpaka chai ikapoa na inzi mmoja akafia kikombeni.

Mapajani nilikuwa na kanga yake. Imefuliwa miaka yote hiyo, na bado ilikuwa na harufu ya dagaa. Dagaa wa Nkome hawatoki kwenye nguo, hata utumie sabuni ya namna gani. Nikaivuta ile harufu, nikaangalia zile nukta, nikaanza kucheka peke yangu ndani ya nyumba ya msiba. Shangazi mmoja akachungulia mlangoni kuona kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia niko sawa, namkumbuka ndege mmoja mwenye kipara. Akaenda kuwaita wenzake.

Nilikuwa darasa la tatu, mtoto wa Nyasubi pale Kahama, na kwa maoni yangu mwenyewe nilikuwa mtu wa mjini kabisa. Baba alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Masumbwe, tunamwona akiwa amepata au akiwa anaumwa. Mama alikuwa anauza mitumba. Kiangazi kile shule zilipofungwa, mama akaona nitamsumbua sokoni, akanipakia kwenye basi na mfuko wa mikate, nikapelekwa Nkome, kando ya ziwa, kwa Bibi, mama yake baba.

Bibi alikuwa mchuuzi wa dagaa, ila hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa kwenye ng'ombe, huko upande wa Shinyanga, akaolewa na mvuvi, mvuvi akafa, yeye akabaki na samaki wake. Moyo wake ulikuwa bado zizini. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mdomo usiopumzika, na hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "wewe wa Nyasubi", kama vile Nyasubi ni ugonjwa.

Siku ya pili tangu nifike, jioni, akaniambia nikaangalie kama kuku wote wameingia bandani. Nikaenda, nikachungulia, nikarudi nikitangaza kwa sauti ya darasani: "Bibi, wako tisa, na vifaranga sita!"

Kofi lilinifikia kabla ya "sita" kuisha.

"Nani amekutuma uhesabu?"

"Si umesema niangalie kama wote…"

"Nimesema uangalie! Kuangalia na kuhesabu ni kazi moja huko kwenu?"

Akanikalisha chini akanieleza, huku akipepeta mchele kwa hasira. Kitu chenye pumzi hakihesabiwi. Ukikihesabu unakiita kwenye kuisha. Mchungaji wa kweli anasimama langoni jioni anaangalia: mwekundu yupo, wa madoa yupo, mwenye pembe iliyovunjika yupo, basi, wapo. Kijijini kwao alikuwepo mwanamume mmoja aliyewahesabu ng'ombe wake kwa kidole mbele ya wageni, kwa kujidai tu, na mvua zilizofuata zilimkuta amebaki na fimbo. Fimbo peke yake, alisema Bibi, na hiyo fimbo nayo aliazimwa.

Mimi ningeyaona hayo kuwa mambo ya kizee, mtu wa mjini kama mimi. Tatizo ni kwamba kesho yake asubuhi, tukiwa wote wawili uani, mwewe alishuka, akachukua kifaranga, akaondoka. Bibi alinigeukia tu, akanitazama mpaka nikaangalia miguu yangu. Toka siku ile nikajua kwamba mdomo wangu unaua.

Kazi niliyopewa pale mwaloni, ufukweni boti zinaposhushia samaki, ilikuwa kufukuza ndege. Boti zikirudi asubuhi, wanawake wananunua dagaa kwa beseni, wanawamwaga kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na jua likiwaka tu, ndege wote wa dunia wanapata habari. Nilikuwa na kopo la maziwa lenye kokoto ndani. Unatikisa, unakimbia, unapiga kelele, ndege wanaruka upande huu wanatua upande ule, unaanza upya. Yangeyange walikuwa na adabu, wanachukua kidogo wanakwenda. Kunguru walikuwa hawana haya. Shakwe walikuja kwa makundi. Ila wezi wakubwa walikuwa wale makorongo wenye kipara, wanaofikia mtoto kifuani, wana mfuko wa ngozi unaning'inia shingoni na mdomo mrefu kama mpini wa jembe. Wale hawakimbii. Wanakuangalia, wanafikiria, ndipo wanasogea hatua mbili.

Mmoja wao alikuwa anachechemea. Mguuni alikuwa na kipande cha kamba ya bluu ya wavu, kilishamkaa kama bangili. Alisimama peke yake, mikono nyuma, ningesema, kama angekuwa na mikono, mabega juu, anatazama ziwa siku nzima bila shughuli yoyote. Nyasubi tulikuwa na jirani mwalimu mstaafu aliyesimama vilevile mlangoni kwake. Nikampa ndege jina hilo, Mstaafu. Wenzake walimnyang'anya kila kitu kwa sababu ya mguu wake, nami kule mwaloni nilikuwa sina rafiki, watoto wa pale walinicheka ninavyoogopa maji. Nikaanza kumpa matumbo ya sangara. Matumbo yakikosekana, nampa dagaa. Dagaa wa Bibi, ndiyo. Ninatikisa kopo mkono wa kulia kuwafukuza wengine, na mkono wa kushoto ninamtupia yeye. Baada ya wiki mbili akawa ananifuata nyuma kama mbuzi.

Basi, upande wa pili wa mwalo, juu ya mawe makubwa, palikuwa na kituo cha kutazamia ndege. Kwa kweli kilikuwa kibanda cha mbao chenye ngazi, na mtu wake alikuwa kijana mmoja mtaratibu kutoka Bukoba, mwenye kofia pana na miwani ya mbali ikimning'inia kifuani. Mwalo mzima ulimwita Bwana Darubini. Mara moja kila kiangazi alikuwa na siku yake kubwa, na siku mbili kabla yake alikuja kwenye nyavu zetu, akavua kofia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

"Keshokutwa nina kazi. Toka jua linachomoza mpaka linazama, nahesabu ndege wote wa hapa. Nina ombi moja. Siku hiyo msiwafukuze."

Zikalipuka kelele. Mama Kulwa, jirani yetu mama wa mapacha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka ziwa, akasimama na ungo mkononi. "Tusiwafukuze? Kwa hiyo dagaa wetu wafanye nini, wajifukuzie wenyewe?"

Bibi hakupiga kelele. Alikuwa ameshika dagaa mmoja kati ya vidole viwili, ameganda.

"Kijana," akasema polepole. "Unasema unawahesabu?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa namba?"

"Kwa namba."

"Wote? Na kunguru?"

"Kila mmoja, bibi. Siruki hata mmoja."

Uso wa Bibi ulifunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata siku nilipofika. "Hesabu, mwanangu," akasema. "Hesabu kwa raha zako. Mjukuu wangu atakuletea chai."

Bwana Darubini alipoondoka, Bibi akawakusanya wenzake. Kwa nini tumehangaika na makopo miaka yote, akauliza, wakati serikali imetuletea mtu wa kuwamaliza kwa mdomo? Akawasimulia habari za yule mwenye fimbo. Wengi pale walikuwa watu wa ng'ombe kama yeye, waliohamia ziwani, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mama Kulwa tu ndiye aliyetia shaka.

"Na ndege nao wanakwisha kwa hesabu?"

"Ng'ombe wa yule mtu walikwisha, na ukubwa wao ule. Itakuwa kunguru?"

Wakakubaliana. Siku hiyo hafukuzwi ndege. Tena watamwaga matumbo ya samaki pembeni mwa maji, waje wengi, wahesabiwe vizuri. Bwana Darubini alipoambiwa jioni alishika kifua. Alisema amefanya kazi sehemu nyingi lakini hajawahi kukutana na kina mama wanaopenda ndege namna ile.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama na kopo langu, nyuma yangu amesimama Mstaafu. Kifaranga mmoja nilishamuua kwa mdomo wangu. Sasa anakuja mtu mzima mwenye daftari, ambaye haruki hata mmoja. Kitu kimoja tu kilinijia kichwani: Mstaafu asionekane siku hiyo.

Jamani, jaribuni siku moja kumficha korongo anayewafikia kifuani. Chini ya beseni haingii. Banda la kuku, kuku walikataa. Nikafikiria chini ya boti iliyopinduliwa, lakini watoto walichezea pale. Mwisho nikaliona bafu la nje la Mama Kulwa, limezungushiwa viroba na turubai, halina paa, na mlango wake unafungwa kwa kamba. Ndege mkubwa vile hawezi kuruka bila kukimbia kwanza, na mle ndani hakuna pa kukimbilia. Alfajiri ya siku ya hesabu, watu wakiwa wote kwenye boti, nikamwongoza kwa matumbo, tumbo moja hatua moja, mpaka ndani. Nikamwachia sahani nzima. Nikafunga kamba mafundo matatu. Alinitazama kwa jicho moja, akaanza kula. Nikapanda kule kwenye mawe na birika la chai, nikijiona nina akili kuliko watu wote wa Nkome.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Kaa hapo, usipige kelele."

Mkononi alikuwa na kidude cha chuma chenye kitufe. Kila akimwona ndege anabonyeza, kinasema ta! Kisha anaandika jina kwenye daftari. Ta! Shakwe. Ta! Yangeyange. Nilikaa pale nikisikiliza watu wakiuawa. Nasema watu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa inaniingia.

Bibi alikuwa amenituma nisimamie kwamba haruki mtu, lakini Bwana Darubini alidhani nimependa mambo ya ndege, akanivalisha miwani yake ya mbali. Sikuwahi kushika kitu kile. Kwanza niliona giza, kisha kucha zangu, kisha ghafla, mbele ya jicho langu kabisa, kwenye tete, kindege kidogo kuliko ngumi, bluu tupu mgongoni, kifua rangi ya machungwa, anang'aa kama mtu aliyepakwa mafuta ya Krismasi. Nilisahau kupumua. Wiki zote zile nilikuwa nimetikisa kopo kwa kila chenye mabawa, sikujua kwamba kuna kitu kizuri namna hii hatua chache tu kutoka kwenye nyavu zetu.

"Huyo ni mdiria," akasema Bwana Darubini. Ta!

"Lazima na huyo umbonyeze?" nikauliza.

"Huyu? Huyu kwanza!"

Machozi yakanijia. Akadhani ni vumbi.

Asubuhi ile tuliona vitu, wenzangu. Mnandi amesimama juu ya jiwe ametanua mabawa akijikausha, ta. Furukombe kichwa cheupe, alishuka akanyanyua sato mzima mbele ya mvuvi mwenye wavu mtupu, na mvuvi akamtukana, ta. Fisi-maji wawili wanakimbizana wanapinduka kama watoto, hao akawaandika pembeni. Kenge mrefu akijisogeza kuelekea kwenye matumbo ya Bibi. Mbali kwenye magugu, masikio ya kiboko.

"Kiboko naye unamwandika?"

"Tunaandika chochote tunachokiona."

Kiboko sikumhurumia sana, alikuwa amekula mahindi ya watu. Ila nilianza kuona kazi hii ni kubwa kuliko tulivyodhani. Ikifika jioni Nkome itabaki na binadamu na mawe.

Chini, wanawake walikuwa wanamsaidia kwa nguvu zote. "Bwana Darubini!" Bibi anapaza sauti, amesimama katikati ya kunguru kama bibi harusi. "Hawa wa huku umewaona? Kuna mmoja amejificha nyuma ya ndoo!" Naye anapunga kofia, anaguswa moyo, ananiambia, "Unaona? Hii ndiyo tunaita jamii iliyoelimika."

Jua lilikuwa limefika utosini alipomaliza kuwapitia wale wenye kipara. Akahesabu, akarudia, akakunja uso. "Kumi na mmoja. Jana walikuwa kumi na wawili. Kuna yule mwenye kamba ya bluu, anayechechemea. Umemwona?"

"Amehama," nikasema.

"Amehama? Kwenda wapi?"

"Masumbwe." Aliendelea kuniangalia, nikaona niongeze. "Ana baba yake huko."

Hapo ndipo tulipomsikia Mama Kulwa.

Yaliyotokea kule bafuni sikuyaona kwa macho, lakini Mama Kulwa ameyasimulia kwenye kila harusi na kila kipaimara, kwa hiyo nayajua kwa mpangilio. Alikuwa amemaliza kuanika, amejifunga kanga moja kifuani, ndoo ya maji kichwani, anakwenda kuoga. Akafungua mafundo, akayalaani, akavuta turubai. Ndani akaona mgongo wa kijivu umeinama, na juu ya mgongo kipara. Nyumbani kwake alikuwa anaishi na baba mkwe, mzee wa kipara kilekile, na ninyi mnaojua mambo ya wakwe kwetu mnajua: mkwe humpiti njia moja, sembuse kumkuta bafuni. Mama Kulwa akapiga magoti palepale, ndoo ikammwagikia yote, akainamisha uso mpaka mchangani.

"Nisamehe, baba! Sikujua kama upo! Shikamoo, baba!"

Mgongo ukatikisika kidogo.

"Baba, shikamoo!"

Mkwe akageuka. Ana mdomo wa nusu mita, na mdomoni amening'iniza utumbo.

Ukelele ule ulifika visiwani. Ndege wote wa mwalo waliruka kwa mpigo mmoja, mbingu ikawa nyeupe na nyeusi, na hesabu ya Bwana Darubini ya asubuhi nzima ikapeperuka. Mama Kulwa akapita mbio kati ya nyavu akimlilia mama yake kwa kilugha, "Mayu wee! Mayu wee!", kanga inashikiliwa kwa mkono mmoja. Nyuma yake, bila haraka, anachechemea, akatokea Mstaafu, na kamba yake ya bluu, akaja kusimama katikati kabisa ya uwanja mweupe wa mchanga, mahali ambapo hata kipofu angemwona.

Bwana Darubini akainua miwani yake. Akatabasamu.

"Ah! Huyu hapa. Kumi na wawili."

Ta!

Sikumbuki kuamua. Nilimrukia mkono, nikamnyang'anya kile kidude, nikaanza kubonyeza nikitafuta pa kumrudishia. Ta, ta, ta, ta, ta.

"We mtoto! Unaniongezea ndege wasiokuwepo!"

"Kirudishe nyuma!"

"Hakirudi nyuma! Kinakwenda mbele tu!"

Basi nikalia. Nililia kwa sauti ya Mama Kulwa. Katikati ya kulia nikamwambia yote, kifaranga, mwewe, mtu wa fimbo, chai, matumbo ya pembeni mwa maji, kwa nini kina mama wanapenda sana ndege. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na kofia ikamwanguka, akaniangalia, akaona mimi sicheki, akanyamaza.

Ngazi ikalia. Akatokea Bibi, ambaye hajawahi kupanda kitu chochote kirefu kuliko kigoda, anahema, na kopo langu mkononi.

"Nani amemfungia yule jambazi bafuni kwa watu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ni wangu, Bibi." Nilikuwa nasema kwa kwikwi. "Ni wangu. Nampa dagaa wako kila siku. Nilimficha asihesabiwe. Sasa amehesabiwa, atakufa kama kifaranga."

Nikafumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Bibi alikuwa anaangalia chini kwenye mchanga, kwa Mstaafu, ambaye alikuwa ameshaanza kula dagaa wa Mama Kulwa. Uso wa Bibi ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa, sikuelewa amefumaniwa na nini. Akamgeukia kijana.

"Umeshamwandika?"

"Nimeshamwandika, bibi."

"Mfute."

"Bibi, siwezi. Hii ni kazi ya kitaalamu. Lazima daftari liseme kweli."

"Nani amekwambia udanganye? Yule pale hayupo?"

"Yupo."

"Basi andika yupo. Namba ya nini?"

Bwana Darubini akakuna kichwa. "Na hawa wengine kumi na mmoja?"

"Hao mimi siwajui," akasema Bibi.

Kisha yule kijana, Mungu ambariki popote alipo, akafuta kwa kifutio, akapuliza, akaandika upya. Bibi hakujua kusoma, akamwambia asome huku kidole kikifuata. Akasoma: "Makorongo kumi na mmoja. Na mwingine yupo." Bibi akamrudisha asome mara ya pili. Alipohakikisha, ndipo akanishika sikio, akalizungusha, akanishusha nalo ngazi nzima, kwa ajili ya dagaa.

Jioni ile, nikiwa na sikio jekundu, nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani. Sikumwambia, haikuwa nyumba ya kuambiana hivyo. Toka siku iliyofuata nikawa namwona akisafisha sangara, matumbo yanamponyoka mkononi yanaangukia upande wa Mstaafu. Nikimtazama anasema, "Mikono ya uzee." Nami sikuhesabu yameponyoka mara ngapi.

Ndege hawakuisha. Kiangazi kilichofuata walikuwa wengi zaidi, na Mstaafu kati yao na bangili yake. Wanawake walimjia juu Bibi. Akawajibu bila kupepesa kwamba mila haina kosa, ni yule kijana tu, hajui kuhesabu.

Baba mdogo aliingia akanikuta bado kwenye ule mstari. "Weka namba tumalize," akasema, "kanisani wanasubiri. Andika alizaa watoto tisa, wamebaki wanne. Wajukuu nitakutajia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi nilijua wanne tu, baba yangu, yeye, na shangazi wawili. "Tisa?"

"Tisa. Watano walifariki wadogo. Walikuwa salama mpaka siku moja mtu wa hospitali alipokuja kumuuliza ana watoto wangapi, akamtajia namba, na mwaka uleule…" Akaacha. Akachukua kikombe changu, akaona inzi, akakirudisha. "Andika tu."

Nikabaki na ile kanga puani. Basi hakuwa amefumaniwa na mimi siku ile kwenye mawe. Alikuwa amekwenda mbali sana, kwa wale watano, akanikuta huko ninalilia ndege.

Kesho yake nilisimama mbele ya jeneza na karatasi yangu. Nilisoma jina, nikasoma ubatizo, nikasoma ndoa, nikafika mwisho. Baba mdogo aliinua macho kwa sababu alijua sikuandika alichoniambia.

"Marehemu ameacha watoto, wajukuu na vitukuu," nikasoma. Nikaikunja karatasi. "Wapo."

Mshereheshaji akaninong'oneza, "Wangapi?"

Kule nyuma kwenye mikeka, Mama Kulwa, kikongwe sasa, meno hana ila sauti ileile ya kuvuka ziwa, akaitikia, "Wapo!" Baba mdogo akainamisha kichwa. Na sisi wote, mweupe na mweusi, mrefu na mfupi, mwenye shingo ndefu na anayechechemea, tukasimama.

"Tupo," tukasema.